Pakiti Nzima Kwenye Kikombe: Uchambuzi wa Kisa cha Mwanafunzi wa Elimu ya Afya kwa Jamii

Wanafunzi wanaosomea elimu ya afya kwa jamii wana jambo ambalo huambiana wenyewe kwa wenyewe lakini hawaliandiki kwenye ripoti zao: siku wanayokuja kupimwa fildi ndiyo siku wanayojifunza kidogo kuliko zote. Kisa ninachokichambua hapa kinaonyesha sababu yake. Kinamhusu mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyepelekwa kituo cha afya kwa mafunzo kwa vitendo, akapangiwa mada ya kuharisha kwa watoto walio chini ya miaka 5. Chuo na kituo sitavitaja, kwa kuwa kilichotokea hapo hutokea popote ambapo mwanafunzi anafundisha huku mtu wa tatu akimpa alama.

Somo lenyewe

Mwanafunzi alijiandaa kwelikweli. Alichora bango kitita lake kwa mkono, akafanya mazoezi mbele ya wenzake, na siku ya somo akafika kituoni kabla ya walezi. Alianza kwa kueleza kwamba kinachomuua mtoto anayeharisha kwa kawaida ni upungufu wa maji na chumvi mwilini, na kwamba vitu hivyo vinaweza kurudishwa nyumbani kwa ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganywa na maji. Akaenda hatua kwa hatua: nawa mikono, mimina pakiti moja kwenye lita 1 ya maji safi, koroga mpaka iyeyuke yote, mpe mtoto kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe, akitapika subiri dakika 10 kisha endelea polepole zaidi, kinachobaki baada ya saa 24 mwaga, uchanganye kingine. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Mpe zinki miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, na akiwa chini ya miezi 6 mpe miligramu 10. Mwisho akataja dalili za kumkimbiza mtoto kituoni: macho kudidimia, kulegea, kushindwa kunywa, damu kwenye choo.

Hakuna alichokosea. Kwenye meza alikuwa na jagi la kituo lenye mistari ya vipimo, akachanganya pakiti mbele yao huku akieleza.

Msimamizi kutoka chuoni alikaa nyuma na fomu yake: utangulizi, mpangilio, sauti, matumizi ya zana, usahihi wa maelezo, ushirikishwaji wa walengwa, kuzingatia muda. Kipengele cha ushirikishwaji kilitimizwa kwa njia tuliyoizoea wote. Mwanafunzi aliuliza, "Tumeelewana?" Walezi wakajibu kwa pamoja kwamba wameelewa. Kisha akauliza pakiti moja inawekwa kwenye maji kiasi gani, na mama mmoja wa mstari wa mbele akajibu bila kusita, "Lita moja." Akapigiwa makofi, somo likafungwa ndani ya muda, na alama zikawa za juu.

Nyumbani kwa mama wa mstari wa mbele

Siku chache baadaye mwanafunzi alitoka na mhudumu wa afya ya jamii kutembelea kaya. Mojawapo ilikuwa ya mama yule yule aliyejibu swali. Mtoto wake alikuwa ameanza kuharisha usiku, na mama alikuwa na pakiti za ORS alizopewa kituoni. Mwanafunzi alitaka kuuliza maswali yaliyo kwenye fomu yake ya ziara. Mhudumu, mwanamke wa makamo aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, aliomba jambo jingine: "Mama, hebu mtengenezee mtoto dawa tukiwa hapa hapa."

Mama akanawa mikono. Akachukua kikombe cha kunywea, akakijaza maji yaliyochemshwa, akakata pakiti kwa meno, akamimina unga wote na kukoroga. Mwanafunzi alifungua mdomo kusema, mhudumu akamzuia kwa mkono. Mtoto alionja, akakunja uso, akakisukuma kikombe. Mama akamjaribu mara ya pili, akakataa. "Mnaona?" akasema. "Hii dawa haitaki kabisa. Tangu asubuhi ninamwaga tu."

Mhudumu hakumwambia kwamba amekosea. Alimuuliza kwa nini ametumia kikombe. Jibu la mama ndilo kiini cha kisa hiki, na mwanafunzi alilinukuu kwenye daftari lake: lita moja ni maji mengi mno kwa mtoto mdogo kama huyu, hawezi kuyamaliza, kwa hiyo amempunguzia maji, lakini dawa hakuipunguza ili apone.

Ukilisoma jibu hilo taratibu utaona halina ujinga ndani yake. Mama alilihifadhi somo neno kwa neno. Alijua ni lita 1, na angeulizwa tena angejibu vilevile. Kwake yeye, unga ndio dawa na maji ni ya kuisindikizia tu ishuke kooni, kama ilivyo kwa kidonge. Kwa vidonge karibu vyote alivyowahi kumeza mawazo hayo yamemfaa. Kwenye ORS kanuni inageuka: maji ndiyo tiba yenyewe, na unga upo ili kuyasaidia yaingie mwilini. Sentensi hiyo haikusemwa popote kwenye somo. Mwanafunzi aliijua vizuri kiasi kwamba hakuona haja ya kuisema.

Kosa lenyewe si dogo. Mchanganyiko ambao WHO na UNICEF waliupitisha mwaka 2002 ulipunguzwa ukali kwa makusudi, kutoka milimoli (kipimo cha wingi wa kemikali) 311 za viyeyushwa kwa lita hadi 245, na sodiamu ikawekwa milimoli 75 kwa lita. Glukosi na sodiamu huvuka ukuta wa utumbo zikiwa pamoja, na maji huzifuata. Pakiti nzima ikiwekwa kwenye kikombe cha mililita 250 kila kitu kinazidishwa mara 4: sodiamu inafika milimoli 300 kwa lita, ilhali kwenye damu ya mtu mzima wa afya ni kati ya 135 na 145. Kinywaji kikali hivyo huvuta maji kutoka mwilini kuingia kwenye utumbo, kwa hiyo mtoto anaharisha zaidi na kiu inazidi. Mtoto huyu aliokolewa na ulimi wake, maana alikikataa.

Mhudumu alimwomba mama chupa yoyote iliyokuwamo ndani. Ikapatikana ya nusu lita. Wakaijaza mara mbili kwenye sufuria safi yenye kifuniko, mama mwenyewe akamimina pakiti nyingine, akakoroga, akaonja. Akashangaa kwamba haina chumvi nyingi. Mhudumu akamwambia isizidi chumvi ya machozi, na kwamba mtoto si lazima amalize yote: kila akiharisha apate kama robo hadi nusu kikombe, aliyetimiza miaka 2 apate nusu hadi kikombe kizima, na kitakachobaki kesho kimwagwe. Mtoto alikunywa.

Alichoandika mwanafunzi

Katika daftari lake la tafakari, siku hiyo hiyo, mwanafunzi aliandika kwanza kwamba "mama hakuzingatia maelekezo". Chini yake, kwa wino mwingine, akaongeza swali ambalo mhudumu alimuuliza wakiwa njiani: "Mwanangu, lile jagi la kituo, ni nani kati yao analo nyumbani?" Kisha zikafuata kurasa mbili ambazo ni bora kuliko ripoti yake yote. Anaeleza kwamba aliona aibu, na kwamba ilimjia hali kama vile amemdanganya msimamizi ingawa hakusema uongo wowote. Anaeleza pia kwamba alikuwa amejipanga kuwaita walezi 2 waje wachanganye wenyewe mbele ya wenzao, lakini aliiondoa sehemu hiyo usiku wa kuamkia somo. Alihofu mambo mawili: muda kuzidi, na mama kukosea mbele ya msimamizi.

Hofu hiyo ya pili inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndipo mafunzo yanapojivunja yenyewe. Mlezi akikosea wakati wa somo, huo ndio muda wenye thamani kuliko wote: kosa limejitokeza mahali ambapo linaweza kurekebishwa, mtoto akiwa mzima. Mwanafunzi anayepimwa huliona kosa hilo kama doa juu yake. Hivyo anapanga somo ambalo hakuna mtu anayeweza kukosea ndani yake. Anauliza maswali ya kujibiwa kwa pamoja, anachanganya dawa kwa mikono yake mwenyewe, na anafunga kwa makofi.

Nimesoma madaftari mengi ya namna hii na ninaamini kwamba mwanafunzi wa elimu ya afya ana hadhira mbili kila anaposimama. Walezi wako mbele yake, msimamizi yuko nyuma yao. Hadhira zote mbili zikitaka kitu kimoja, kazi inakwenda vizuri. Zikitofautiana, mwanafunzi atamhudumia mwenye kalamu, na simlaumu, kwa sababu huyo ndiye anayeamua kama atahitimu.

Tulichopima na tulichoacha

Mwaka 1990 George Miller, mtaalamu wa elimu ya udaktari, alipendekeza kuutazama uwezo wa mhitimu kwa ngazi 4: anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha, na anatenda kazini. Vyuo vingi vinaifundisha piramidi hiyo, na fomu iliyotumika hapa ilifika ngazi ya 3, maana mwanafunzi alionyesha kwamba anaweza kufundisha. Kwa mitihani ya taaluma nyingi hiyo si hatua mbaya. Lakini elimu ya afya ina mtu wa pili ndani yake. Mwanafunzi alikuwa kwenye ngazi ya 3, mama akabaki kwenye ya kwanza, na fomu haikuwa na mstari hata mmoja wa kumtazama mama amefika wapi.

Hapa kuna mtego ambao hata walimu wazuri huingia. Mbinu inayosifiwa sana siku hizi ni kumwomba msikilizaji arudie maelezo kwa maneno yake mwenyewe, ili mfundishaji ajue kilichoeleweka. Ni mbinu nzuri, na ninaifundisha. Katika kisa hiki isingesaidia kama ingeishia mdomoni, kwa sababu mama yule angeshinda jaribio hilo: alisema lita 1 mbele ya watu wote. Kosa lake lilikuwa mikononi, na la mikononi huonekana mikono ikifanya kazi, kwa vyombo vile vile vitakavyotumika nyumbani.

Nadharia nazo zilikuwepo, zikiwa zimelala. Mwanafunzi alikuwa amefanya mtihani juu ya modeli ya imani za kiafya, ile iliyotengenezwa na wanasaikolojia wa idara ya afya ya umma ya Marekani katika miaka ya 1950 walipojaribu kueleza kwa nini watu hawaji kupigwa eksirei ya kifua kupima kifua kikuu hata huduma ikiwa bure. Alipokutana na kikombe, jambo la kwanza lililomjia ni kutafuta imani potofu ya mama. Haikuwepo. Mama aliamini kwamba kuharisha ni hatari, aliamini kwamba ORS inasaidia, na aliitumia siku ile ile. Kilichokosekana kingeonekana haraka zaidi kwa mfumo wa Lawrence Green, mtaalamu wa elimu ya afya, unaotenganisha mambo yanayomwandaa mtu kutenda, yanayomwezesha, na yanayomtia nguvu aendelee. Mama aliandaliwa vya kutosha. Hakuwezeshwa, kwa sababu nyumbani kwake hakukuwa na kitu kinachoitwa lita 1. Na hakukuwa na cha kumtia nguvu, kwa kuwa kila alipompa mtoto alikataliwa.

Mfano wa kulinganisha naufahamu mmoja mkubwa. Nchini Bangladesh, kuanzia mwaka 1980, shirika la maendeleo la BRAC lilituma wanawake waliofunzwa kwenda nyumba kwa nyumba kufundisha maji ya kuzuia ukavu wa mwili, yaliyotengenezwa kwa chumvi, sukari guru na maji. Kufikia mwaka 1990 walikuwa wamefika kaya zaidi ya milioni 12. Mama alichanganya mwenyewe mbele ya mfundishaji, kwa chombo chake, na baadaye wakaguzi walirudi kwenye baadhi ya kaya kuuliza mama anakumbuka nini na kuchukua sampuli ya alichokichanganya ili chumvi yake ipimwe. Malipo ya mfundishaji yalitegemea matokeo ya mama. Hata hivyo mwanzoni matumizi yalikuwa madogo, na moja ya sababu zilizogunduliwa ni kwamba baadhi ya wafundishaji wenyewe hawakuiamini tiba waliyoifundisha.

Sipendekezi alama za mwanafunzi zifungwe kwenye kumbukumbu ya mlezi kama malipo yale yalivyofungwa. Mlezi ana mambo yake, mwanafunzi yuko fildi kwa muda mfupi, na tukifanya hivyo tutawafundisha wanafunzi kuwachagua walezi werevu na kuwakwepa wenye shida. Kinachofaa kuchukuliwa ni kule kurudi. Mfumo wa BRAC ulichukulia kwamba somo halijakwisha mpaka mtu arudi kuangalia. Mfumo wetu unachukulia kwamba limekwisha pale saini inapowekwa.

Somo la pili

Mwanafunzi aliomba kulirudia somo, na kituo kikamruhusu. Safari hii aliwaomba walezi waje na chombo wanachopimia maji nyumbani, chochote kile. Zikaja chupa, vikombe, makopo na sufuria za kila namna. Alitumia karibu nusu ya muda kwa kazi moja tu: kila mmoja atafute, kwa chombo chake, lita 1 inafika wapi, na atie alama. Kisha wakachanganya wao, wakaonja wao. Mmoja aliweka nusu pakiti kwenye nusu lita, akieleza kwamba atatunza nyingine ya kesho. Mwanafunzi akaueleza ugumu wake: nusu ya unga haipatikani kwa kukadiria kwa jicho, na pakiti ikishafunguliwa huvuta unyevu. Hilo nalo lisingejulikana kamwe kwa kuuliza "tumeelewana?"

Alipunguza mengi ili kupata nafasi hiyo. Aliacha sehemu nzima ya vimelea vinavyosababisha kuharisha, akabakisha ORS, zinki na dalili za hatari. Kwa fomu ya chuo somo hili lingepata alama ndogo: lilizidi muda, bango kitita lilitumika kidogo, na kulikuwa na kelele. Kwa maoni yangu lilikuwa somo bora mara nyingi kuliko la kwanza.

Daftari la kazi halikuwa na mahali pa kuliandika. Linadai idadi ya masomo kwa mada mbalimbali, kila mada ikihesabiwa mara moja. Msimamizi wa kituo alisita kutia saini, akisema mada hiyo imeshakamilika, na mwishowe somo likaingizwa kwenye safu ya "mengineyo". Mwanafunzi mwenzake aliyefundisha mada mpya siku ile, kwa kusoma kutoka kwenye kijitabu, alipata hesabu kamili. Wanafunzi huyaona haya, hujua kinacholipa, na miaka 2 baada ya kuajiriwa hufundisha hivyo hivyo.

Mtu asiyetia saini

Aliyemfundisha mwanafunzi huyu ni mhudumu wa afya ya jamii. Alijua kunyamaza mama alipokosea, alijua kuuliza "kwa nini" bila kuhukumu, na alijua kugeuza chupa ya nyumbani kuwa kipimo. Jina lake halimo kwenye fomu yoyote ya chuo. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, tamko la kimataifa kuhusu huduma ya afya ya msingi, liliwataja wahudumu wa jamii miongoni mwa wale ambao huduma hiyo inawategemea, na likasema watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma zao. Vyuo vyetu huyasomesha maneno hayo muhula wa kwanza, kisha vinampeleka mwanafunzi fildi chini ya mhudumu ambaye maoni yake hayaulizwi.

Wasimamizi wa vyuo wana hoja ya kweli: wanafunzi ni wengi, wanapewa muda mchache kwa kila mmoja, na hawawezi kurudi kwenye kila kaya. Nami nisingependa warudi. Nyumba ya mtu haipaswi kugeuzwa chumba cha mtihani, na mama mwenye mtoto mgonjwa hana deni la kutusaidia kutoa alama. Lakini mhudumu anarudi kwenye kaya hizo kwa vyovyote vile, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Anaweza kusema kama mwanafunzi alirudi, aliona nini, na alibadilisha nini kwenye somo lililofuata.

Kwa hiyo mabadiliko ninayoyaomba ni machache. Kwenye fomu, kipengele cha ushirikishwaji kiandikwe upya: ni walengwa wangapi walifanya kwa mikono yao, na kwa vyombo vyao, na mwanafunzi alifanya nini mmoja wao alipokosea. Somo ambalo hakuna aliyekosea lisipewe alama za juu kwa sababu hiyo peke yake. Kwenye daftari la kazi, somo lililorudiwa baada ya kutembelea kaya lihesabiwe sawa na somo jipya, mradi mwanafunzi aeleze kilichobadilika. Na iwepo sehemu ya mhudumu kuandika na kutia saini. Hiyo itakuwa kazi ya ziada kwake, na mwongozo wa WHO wa mwaka 2018 kuhusu wahudumu wa afya ya jamii unasema walipwe kulingana na kazi wanayofanya, wala malipo yao yasitegemee zaidi motisha ya matokeo. Chuo kinachomtumia kufundisha wanafunzi wake kiweke malipo hayo kwenye bajeti ya fildi, pamoja na nauli na posho ya msimamizi.